Kusindikiza Si Kubeba

Kila ifikapo tarehe 3 Desemba, nchi yetu huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Utaratibu wa siku hiyo tunaufahamu. Mgeni rasmi huwasili, risala husomwa, ngonjera hughanwa, kisha hugawiwa viti mwendo, fimbo nyeupe na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Picha hupigwa. Jioni maturubai hukunjwa na viti vya kukodi hurejeshwa kwa mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 4, kijana aliyepokea kiti mwendo huamka akiwa na chombo cha kumfikisha mahali, lakini hajui aende wapi, aonane na nani, na akishafika aseme nini.

Sivibezi vifaa. Asiyeona akikosa fimbo amefungwa nyumbani, na mwenye ualbino akikosa mafuta anaiweka ngozi yake hatarini kupata saratani. Vifaa ni haki, na bado havitoshi. Ninachotaka kukijadili ni hiyo tarehe 4, siku isiyo na mgeni rasmi. Hoja yangu ni kwamba, baada ya kifaa na baada ya sheria, kijana mwenye ulemavu anahitaji mtu. Na mtu huyo asiwe wa kumbeba, awe wa kumsindikiza.

Neno hili nimelichagua kwa makusudi. Katika maandiko ya miradi na katika semina, jambo ninalolizungumzia hupewa majina mengi: ulezi, unasihi, ushauri elekezi. Yote yana mahali pake. Lakini mlezi, kwa mazoea yetu, ni mkubwa anayemlisha mdogo. Na mnasihi ni mtu aliyeketi ofisini akimngoja mwenye shida abishe hodi. Msindikizaji ni mtu wa namna nyingine. Mgeni anapoaga, mwenyeji hunyanyuka, huvaa viatu na kutoka naye. Hutembea kwa mwendo wa mgeni, hata kama yeye ana miguu mepesi. Humwonyesha penye mbwa mkali na penye njia ya mkato. Hufika naye njia panda, wakaagana, naye akarudi. Adabu ya kusindikiza, basi, ina mambo matatu: kutoka nje pamoja, kuijua njia kwa kuwa umeipita, na kurudi. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau kuliko yote, na bila hilo wema wetu wote hugeuka kuwa kifungo.

Tuanze na kujiamini, kwa sababu ndiko kunakosemwa vibaya zaidi. Mara nyingi nimewasikia watu wa heshima wakisema kwamba vijana wenye ulemavu hawajiamini, kana kwamba kutojiamini ni sehemu ya ulemavu wenyewe, kama jicho kutoona au mguu kutokanyaga. Si kweli. Kujiamini ni akiba. Huwekwa kidogo kidogo na mtu aliyejaribu jambo, akakosea, akagombezwa, akajaribu tena, akafaulu. Mtoto wa mitaani kwetu huanza kuiweka akiba hiyo siku anapotumwa dukani kwa mara ya kwanza. Anakwenda akikariri njiani: chumvi, kiberiti, sabuni. Anasahau kimoja. Anarudi na chenji pungufu. Anakaripiwa, na kesho yake anatumwa tena. Katika safari hizo ndogo anajifunza hesabu, anajifunza kuzungumza na mkubwa, anajifunza kudai haki yake kwa muuza duka. Na zaidi ya yote anajifunza kwamba kukosea hakuui.

Mtoto mwenye ulemavu hatumwi. Katika nyumba moja hatumwi kwa sababu anapendwa mno, asije akaumia. Katika nyumba nyingine hatumwi kwa sababu wazazi wanaona haya majirani wamwone. Sababu hizi mbili zinapingana, lakini matokeo yake ni mamoja. Akipelekwa zahanati, muuguzi humuuliza mama, "Anaumwa nini?", ilhali mgonjwa ameketi palepale na ulimi anao. Akienda harusini, huulizwa aliyekuja naye kama "huyu" anakula nyama. Anapofikisha miaka 20 anaweza kuwa na cheti kizuri cha kidato cha sita, lakini hajawahi kubishana na kondakta juu ya nauli, hajawahi kunyimwa kitu akaomba kwingine, hajawahi kushika fedha zikamwishia kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha jamii ileile iliyomzuia kuweka akiba humcheka kwa kuwa mfuko wake ni mtupu.

Kazi ya kwanza ya msindikizaji ni kuzirudisha hizo safari za dukani. Hamwambii kijana "jiamini". Maneno hayo hayajapata kumsaidia mtu. Humwambia: kesho utakwenda benki kufungua akaunti, mimi nitakaa nje kwenye benchi, ukikwama utanipigia simu. Wiki inayofuata msindikizaji hukaa nyumbani kwake. Wiki ya tatu haulizi. Kijana atakosea kujaza fomu, atajibiwa kwa ukali dirishani, atapanga foleni isiyo yake. Hayo yote ni chumvi na kiberiti vilivyochelewa kwa miaka kumi na mitano.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka kwa majirani zetu wa Kenya, katika riadha. Henry Wanyoike, mwenyeji wa Kikuyu, alikuwa kijana mkimbiaji mwenye macho mazima hadi mwaka 1995, alipopatwa na kiharusi usingizini na kuamka akiwa amepoteza karibu uoni wake wote. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Alikata tamaa, kama ambavyo mtu yeyote angekata. Waliomnyanyua hawakumnyanyua kwa hotuba. Walimrejesha kwanza kwenye kazi ya mikono, akajifunza kufuma sweta, kisha wakamrejesha kwenye mbio. Mwaka 2000 alisimama katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, mbio za mita 5,000 kwa wanariadha wasioona, akiwa ameunganishwa na mwongozaji wake kwa kamba fupi mkononi. Karibu na mwisho mwongozaji aliishiwa nguvu. Wanyoike ndiye aliyemkokota mwenzake hadi kwenye mstari, akatwaa medali ya dhahabu. Mwaka 2004 huko Athens, akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni, alitwaa dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000.

Katika mchezo huo zipo kanuni mbili ambazo ningependa zibandikwe katika kila ofisi inayoshughulikia vijana. Ya kwanza: mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwanariadha. Kamba ipo ili taarifa zipite, kwamba kona imekaribia, kwamba kuna mtu mbele. Haipo ili nguvu zipite. Ya pili: mwanariadha sharti avuke mstari wa mwisho kabla ya mwongozaji wake. Mwongozaji akitangulia, ushindi umepotea.

Tuzipime shughuli zetu kwa kanuni hizo. Ni mara ngapi tumeona mradi ambao mfadhili, mkurugenzi na mratibu wamekwisha kuvuka mstari, wakasafiri, wakapongezana, na kijana amebaki nyuma akiwa ni tarakimu katika safu ya "wanufaika"? Ni mzazi gani mwenye upendo asiyewahi kuivuta kamba? Na Sydney inatufundisha jambo la tatu, ambalo kanuni hazikuliandika: anayesindikizwa anaweza kuwa na nguvu kumpita anayemsindikiza. Asiyeweza kuvumilia siku hiyo ifike, asiishike kamba.

Kutoka kujiamini twende kwenye kujitegemea. Neno hili ni zito katika historia yetu. Mwaka 1967 lilikuwa moyo wa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Mafundisho yale hayakuitaka Tanzania isikope, isiuze wala isinunue kwa wengine. Yaliitaka isiuweke uhai wake na maamuzi yake mikononi mwa wengine. Ni ajabu kwamba tunalielewa jambo hili vizuri tunapozungumzia taifa, lakini tunapomzungumzia mtu mwenye ulemavu tunageuza maana. Tunadhani kujitegemea kwake ni kufanya kila kitu kwa mikono yake mwenyewe, na asipoweza kujifunga vifungo vya shati tunahitimisha kwamba hawezi kujitegemea.

Mtu aliyeivunja fikra hiyo kwa maisha yake ni Ed Roberts wa Marekani. Aliugua polio akiwa na miaka 14, akapooza karibu mwili wote na kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Kwa kuwa hapakuwa na bweni la kumfaa, alipewa chumba katika hospitali ya chuo. Wakafuata wengine wenye ulemavu mkubwa kama wake. Hawakuweza kuvaa wala kula bila msaidizi. Lakini waliamua wenyewe nani awasaidie, saa ngapi, na kwa namna gani. Wao ndio waliokuwa wakubwa wa maisha yao. Mwaka 1972 kikaanzishwa Berkeley Kituo cha Maisha ya Kujitegemea, kikiongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, na moja ya nguzo zake ikawa ushauri wa mwenye ulemavu kwa mwenye ulemavu. Mwaka 1975 Roberts aliteuliwa kuiongoza idara ya jimbo ileile ambayo hapo awali ilimwona hafai hata kuandaliwa kwa ajira.

Kujitegemea, basi, ni kushika usukani. Mikono inayosukuma gari inaweza kuwa ya wengine. Na usukani haufundishwi kwa kuusimulia. Hufundishwa kwa kuketi pembeni ya mtu anayeendesha, kisha kubadilishana naye kiti.

Nimeiona tofauti hii kwa macho yangu katika miaka ya kufundisha. Wanafunzi wawili wasioona walipita mikononi mwangu kwa vipindi tofauti, na sitawataja. Wa kwanza alipendwa sana na wenzake. Walimsomea, walimletea chakula, walimsajilia masomo, walimshika mkono kutoka bwenini hadi darasani kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu wenzake walitawanyika mikoani kwa mafunzo kwa vitendo. Ghafla hakuwa na miguu, hakuwa na macho, hakuwa na mikono. Alikuwa na alama nzuri tu. Wale vijana walitenda wema, tena wema wa dhati, lakini walikuwa wamembeba.

Wa pili alipokewa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye pia asiyeona, ambaye mbinu zake mwanzoni zilionekana kuwa za ukatili. Wiki ya kwanza walitembea pamoja kutoka bwenini, wakihesabu hatua na kusikiliza jinsi sauti ya fimbo inavyobadilika karibu na ukuta. Wiki ya pili mkubwa alitembea nyuma, kimya, hata mdogo alipokosea njia. Wiki ya tatu hakuja. Alimfundisha kutumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Kisha alimfundisha jambo gumu zaidi: kuandika barua ya kudai. Barua hiyo niliipokea mimi. Ilikuwa na adabu kamili, na haikuwa na ombi la huruma hata mstari mmoja. Iliniomba nitoe maandishi ya mihadhara siku tatu kabla, kwa kuwa programu ya mwanafunzi haiwezi kusoma picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani. Nilifanya hivyo, na darasa zima likanufaika. Mwaka uliofuata kijana yule alikuwa akiwapokea wanafunzi wapya.

Tofauti ya hao wawili haikuwa akili, wala aina ya ulemavu, wala wingi wa upendo waliopewa. Tofauti ni kwamba mmoja alipata mikono mingi, na mwingine alipata mtu mmoja aliyejua kurudi.

Hapa wapo wanaharakati watakaonipinga, na pingamizi lao ni la haki. Watasema: unamtwisha kijana mzigo ambao ni wa jamii. Tatizo la anayetumia kiti mwendo ni ngazi, siyo uoga wake. Tatizo la kiziwi ni kukosekana kwa mkalimani wa lugha ya alama hospitalini na mahakamani. Jengeni njia mteremko, leteni wakalimani, kisha muone kama vijana hawatajiamini. Ninakubaliana nao kuhusu chanzo. Msindikizaji si mbadala wa njia mteremko, na serikali au mwajiri yeyote anayetoa "mafunzo ya kujiamini" mlangoni pa jengo lenye ngazi tupu anafanya dhihaka.

Lakini tuitazame hali yetu wenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ya mwaka 2010 imeagiza pia ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Kwa karatasi, tumejitahidi.

Sasa niulize: ni nani anayeiamsha sheria? Sheria ya haki hulala mpaka mwenye haki aje aiite kwa jina. Asilimia 3 haimfuati mtu nyumbani. Lazima awepo kijana atakayetuma maombi ya kazi bila kuuficha ulemavu wake na bila kuuombea radhi, atakayefika kwenye usaili na kusema, "Nitahitaji chumba kiwe ghorofa ya chini," na atakayeuliza, asipopata, kwa nini hakupata. Asilimia 2 ya halmashauri humngoja mtu anayejua andiko la biashara ni nini na ofisi ya maendeleo ya jamii iko mlango gani. Njia mteremko nyingi zilizopo duniani zilijengwa kwa sababu walikuwepo watu waliokataa kubebwa ngazini. Watu hao hawazaliwi na ujasiri huo. Hurithishwa na waliotangulia. Kwa hiyo wanaharakati na mimi hatupingani. Usindikizaji ni kiwanda cha wadai haki.

Nani basi awe msindikizaji? Kanuni ya riadha inatusaidia tena: mwongozaji lazima awe mkimbiaji. Asiyeweza kuimaliza mita 5,000 hawezi kumwongoza mtu kuimaliza. Anayefaa kwanza ni yule aliyeipita njia ileile. Mfikirie mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi wanaosikia, katika kijiji ambacho hakuna kiziwi mwingine. Kwa miaka mingi anaona midomo ikichezacheza. Siku anapokutana na kiziwi mtu mzima, mwenye kazi, mwenye mke na watoto, anayezungumza kwa mikono, anapata mambo mawili kwa mpigo: lugha, na habari kwamba yeye naye atakuwa mtu mzima. Hakuna mwalimu anayesikia, hata awe na shahada ngapi, anayeweza kumpa hilo la pili.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye ualbino, aliyekulia katika nchi ambamo wenziwe wamewindwa kwa imani za kishirikina. Al-Shaymaa Kwegyir alipoingia Bungeni mwaka 2008, Salum Barwany alipochaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dkt. Abdallah Possi alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri mwaka 2015, jambo fulani lilibadilika katika vichwa vya watoto wale na, muhimu zaidi, katika vichwa vya wazazi wao. Hata hivyo, tusichanganye mambo. Mtu mashuhuri ni nyota; huonyesha mwelekeo, lakini hapokei simu saa mbili usiku kijana anapolia kwa kukosa kazi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana akionyeshwa jahazi likielea hustaajabu tu. Akipelekwa gatini, akashikishwa randa na fundi, ndipo huanza kuunda la kwake. Fundi cherehani mwenye mguu mmoja katika soko la wilaya anaweza kuwa na faida kwa mwanagenzi wake kuliko waziri kwenye runinga.

Sisemi kwamba wasio na ulemavu hawana nafasi. Kibunja anaona. Lakini aliingia katika mbio hizo kama rafiki aliyejifunza mwendo wa mwenzake, na mstari akauvuka wa pili. Atakayeridhika na nafasi hiyo, karibu.

Lazima niseme pia juu ya hatari. Uhusiano wa mkubwa na mdogo ni mahali ambapo unyanyasaji hujificha, na vijana wenye ulemavu, hasa wasichana, wanaandamwa nao zaidi na husadikiwa kidogo zaidi wanaposema. Kwa hiyo usindikizaji hauwezi kuachwa uwe jambo la hisani za faragha. Msindikizaji afahamike kwa kamati ya mtaa au kwa chama cha watu wenye ulemavu. Mikutano ifanyike mahali pa wazi. Kijana awe na mtu wa tatu wa kumwambia mambo yakiharibika. Na awe na uhuru wa kukataa msindikizaji bila kutoa maelezo. Hatari ya pili ni kamera. Picha ya kijana isipigwe kwa ajili ya ripoti ila kwa ridhaa yake. Hatari ya tatu ni msindikizaji asiyetaka kurudi, anayehitaji kuhitajiwa. Dawa yake ni rahisi: tarehe ya kuagana iandikwe siku ya kwanza.

Nini kifanyike? Kwa watumishi wa umma, ninapendekeza mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Kamati za mtaa na kijiji zilizoagizwa na sheria ya mwaka 2010 zipewe kazi moja inayopimika: kuandika orodha ya watu wazima wenye ulemavu wanaofanya kazi katika eneo lao, mafundi, walimu, wakulima, wafanyabiashara, na kuwauliza nani yuko tayari kusindikiza kijana mmoja kwa mwaka mmoja. Halmashauri iwarudishie nauli, maana kumwomba mtu mwenye kipato kidogo asindikize kwa gharama zake ni kumtoza kodi ya wema. Kila kikundi kinachopata mkopo wa asilimia 2 kikutanishwe na mfanyabiashara aliyekwisha kurejesha mkopo kama huo, ili wakutane kila mwezi hadi marejesho ya mwisho. Na waajiri wanaopokea wanagenzi kupitia mpango wa taifa wa kukuza ujuzi wamwoneshe kila mwanagenzi mwenye ulemavu mtu mmoja kazini, kwa jina, ambaye atamfundisha hata yale yasiyoandikwa: nani huamkiwa kwanza, chai hunywewa wapi, na mkubwa akikasirika hufanywa nini.

Kwa wanaharakati, ninaomba tubadilishe tunachokihesabu. Ripoti zetu zimejaa idadi ya waliohudhuria. Tuhesabu yaliyoachwa kufanywa: ni vijana wangapi mwaka huu hawahitaji tena kusindikizwa benki, wangapi wamejiandikia barua wenyewe, wangapi wamegeuka kuwa wasindikizaji. Mradi wa vijana wenye ulemavu ambao baada ya miaka mitano bado unaongozwa na watu wasio na ulemavu pekee umeivuta kamba muda wote huo.

Kwa wanafunzi, ombi langu ni dogo na ni gumu. Darasani kwako yuko mwenzako ambaye umekuwa ukimshika mkono. Kesho, kabla hujaushika, muulize kama anataka. Akisema ndiyo, muulize ni lini angependa kuacha. Akisema hapana, tembea naye tu, mpige soga, na uendane na mwendo wake. Ukiona anakosea njia na hakuna gari linalokuja, nyamaza kidogo. Kunyamaza huko kutakuuma. Lakini atarudi mwenyewe, na hiyo ndiyo akiba.